Spoku za rangi: zipi za kununua, na zisukwe vipi ili rangi imsaidie fundi

Karibuni tena wadau. Leo mezani kuna aina tatu za spoku za rangi, habu moja (kitovu cha gurudumu), ringi ya alumini ya inchi 26 yenye matundu 36, kalipa ya kupimia unene, rula na spana ya spoku. Wengi mnataka magurudumu ya rangi: kijani na njano kwa watu wa Jangwani, yaani Yanga, nyekundu na nyeupe kwa watu wa Msimbazi, yaani Simba, na wale wasiotaka ugomvi wanataka rangi za bendera. Yote yanawezekana. Ila kabla hujashuka Kariakoo na hela mkononi, jua kwamba rangi na urefu wa spoku vinachaguliwa kwa wakati mmoja. Ukinunua rangi kwanza halafu urefu ukaufikiria baadaye, utarudi dukani, na rangi ile ile huenda usiikute.

Tuanze na hivi vimirija vya plastiki. Vimepasuliwa kwa urefu, unavibana juu ya spoku ulizonazo, dakika kumi umemaliza na hujafungua hata nati moja. Kwa baiskeli ya mtoto, sawa kabisa. Kwa baiskeli ya kazi inayobeba mikate au kuvuka na pantoni kila siku kwenda Kigamboni, hapana. Kimirija kinafunga maji ya chumvi na mchanga ndani, spoku inaliwa na kutu humo humo na wewe huioni mpaka ikatike. Halafu kinaua sauti. Sikiliza: hii spoku tupu, ting. Hii yenye kimirija, tup. Fundi anayekagua ukazaji kwa kugonga spoku amenyimwa masikio.

Aina ya pili ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Hizi ndizo rahisi kupatikana na ndizo zinazowaka zaidi zikiwa mpya. Ngoja nisogeze kamera. Angalia hapa kwenye shingo, pale spoku inapopinda chini ya kichwa. Unaona nyufa ndogo kama za ganda la yai? Rangi imeshapasuka kabla spoku haijaingia kwenye habu. Ukiivuta kwenye tundu, ganda linabanduka, chuma kinabaki wazi mahali panapobeba mzigo mkubwa kuliko pote. Kwa hewa yetu ya pwani, kutu itaanzia hapo.

Sasa geuza upande wa nyuzi. Spoku ya namba 14 ina unene wa milimita 2.0. Hii yenye rangi ya unga iliyochomwa kwenye oveni, kalipa inasoma 2.18. Nyuzi zenyewe zina urefu wa kama milimita 10, na rangi imeingia katikati yake. Nipo, ile nati ndogo inayoishika spoku kwenye ringi, inaanza kuingia vizuri, ikifika kwenye rangi inang'ang'ania. Ukiilazimisha, nipo haizunguki. Inayozunguka ni spoku nzima. Unadhani umekaza, kumbe umeisokota tu kama kamba, na ukishapanda baiskeli inajirudi na ringi inaanza kuyumba. Kama umeshazinunua, pitisha nipo ya zamani ya shaba kwenye kila spoku, mbele na nyuma mara mbili tatu, hadi rangi itoke kwenye nyuzi. Usitumie msasa hapo, utakula nyuzi zenyewe.

Aina ya tatu, stenlesi yenye rangi. Nyeusi mara nyingi hupatikana kwa kemikali, haina tabaka la kubanduka. Nyingine kama nyekundu, bluu au dhahabu huwa na tabaka jembamba sana. Angalia shingo: safi, haina ufa. Zitachubuka pale zinapokatishana na kusuguana, hilo halikwepeki, lakini chini yake ni stenlesi, kwa hiyo unabaki na alama ya fedha badala ya kutu. Zile rangi za kuwaka sana, pinki na kijani cha fluo, jua huzipausha mapema, hata ziwe za stenlesi.

Hapa kuna mtego. Watu wengi hupima stenlesi kwa sumaku: ikinata, eti ni feki. Kwenye spoku kipimo hicho kinadanganya. Stenlesi ikivutwa baridi ili kuwa waya mwembamba, inaanza kushikwa na sumaku kiasi, hata kama ni halisi. Kipimo cha uhakika zaidi ni kukwangua rangi ya spoku moja, kuilaza kwenye kitambaa chenye maji ya chumvi na kusubiri siku mbili tatu. Chuma cha kawaida kitatoa wekundu.

Na nipo? Za rangi karibu zote ni alumini. Nyepesi, zinapendeza, ila alumini ikikaa na stenlesi kwenye unyevu wa chumvi huliwa na kugandana, na siku unapotaka kunyoosha ringi kichwa kinavunjikia kwenye spana. Kwa Dar, chukua nipo za shaba ya njano. Usishangae kuziona za fedha, zimepakwa nikeli. Ukikwaruza moja utaona unjano chini yake. Rangi iache kwenye spoku.

Haya, tupime. Urefu wa spoku unategemea ringi na habu, haujaandikwa kwenye saizi ya tairi. Chukua spoku mbili kuukuu, zikate upande wa kichwa na uzipinde shingo mpya, ziwe na milimita 200 kamili kutoka ndani ya shingo hadi ncha yenye nyuzi. Funga nipo mpaka ncha ya spoku ifike chini ya mfereji wa bisibisi. Moja ipite tundu la kwanza la ringi, nyingine tundu la 19 lililo mkabala wake. Zivute zikaze, pima nafasi iliyobaki kati ya shingo na shingo. Kwenye ringi hii ni milimita 140, ongeza 400, kipenyo chako cha kazi ni 540. Rudia sehemu mbili zaidi, maana ringi nyingine zina umbo la yai.

Kwenye habu pima vitu viwili. Kwanza nusu ya kipenyo cha duara la matundu. Hapa ni 29. Pili, umbali kutoka katikati ya habu hadi kila kisahani chenye matundu: habu ya mbele ni 35 kila upande. Ya nyuma ni 20 upande wa gia na 34 upande wa kushoto, kwa sababu gia zimekisogeza kisahani cha kulia ndani.

Kwa matundu 36, kila spoku ikikatisha nyingine tatu za upande wake, hesabu ni nyepesi. Nusu ya kipenyo cha ringi ni 270. Chukua 270 mara yenyewe, ongeza 29 mara yenyewe, ongeza 35 mara yenyewe, toa 270 mara 29. Unapata 67,136. Kipeuo chake cha pili ni 259.1. Toa nusu ya tundu la habu, kama 1.3, unabaki na 257.8. Nunua 258. Kwa nyuma, weka 20 mahali pa 35: inakuja 256. Weka 34: inarudi 258.

Kwa hiyo gurudumu la nyuma linataka saizi mbili. Milimita mbili utaziona ndogo, lakini mzunguko mmoja wa nipo husogeza kama milimita 0.45 tu, hiyo ni zaidi ya mizunguko minne. Spoku ikizidi, ncha inatokeza juu ya nipo, na kwenye ringi ya ukuta mmoja inatoboa tyubu. Ikipungua, mzigo wote unabebwa na shingo ya nipo, na hapo ndipo inapokatika.

Sasa rangi. Mtu anasema: nataka kijani moja, njano moja, kijani moja, njano moja, kuzunguka ringi yote. Sikia kinachotokea. Matundu ya ringi yanapokezana, moja la kulia, linalofuata la kushoto. Ukipokezana moja moja, kijani chote kinaishia kisahani cha kulia na njano yote kisahani cha kushoto. Kwa mbali gurudumu linaonekana lina upande wa kijani na upande wa njano. Kama ndivyo unavyotaka, vizuri, na agizo la nyuma ni rahisi: kijani 18 za 256, njano 18 za 258.

Ninachokishauri ni mbili mbili: kijani, kijani, njano, njano. Kwa matundu 36 unapata mafungu tisa kamili. Ukianzia mahali sahihi, spoku zote za kijani zinalala nyuma na zote za njano zinalala mbele, pande zote mbili za gurudumu. Hebu tazama makutano haya: kila mahali kijani kinakatisha njano. Hakuna kijani kinachokatisha kijani hata sehemu moja. Ukikiona, umekosea kusuka, fungua hapo hapo. Ndiyo maana napenda mpangilio huu kuliko ule wa moja moja. Rangi inamkagua fundi.

Agizo lake kwa magurudumu mawili, mbele na nyuma: kijani 27 za 258 na tisa za 256, njano vile vile. Jumla 72. Rangi nne za bendera pia zinagawanyika, tisa tisa kwa kila gurudumu, ila nyuma rangi mbili zitakuwa 256 zote na mbili 258 zote. Rangi tatu zinakubali kwenye 36, kwenye matundu 32 zinagoma. Utabaki na spoku mbili zisizo na wenzao karibu na valvu.

Kusuka kwenyewe nitapita haraka. Tia tone la mafuta kwenye nyuzi na kwenye tundu la ringi pale nipo inapokaa. Kijani cha kwanza kiingie kisahani cha kulia kutoka nje kwenda ndani, kiende tundu la ringi la kulia lililo jirani na valvu. Kuanzia hapo ruka tundu moja la habu, na kwenye ringi hesabu kila tundu la nne. Tisa. Geuza, tisa nyingine za kijani upande wa kushoto, kila moja jirani na mwenzake wa kulia. Sasa ringi ina mpangilio wa mawili yamejaa, mawili wazi. Zungusha habu mpaka spoku zilale, na zile za pembeni mwa valvu ziegemee mbali nalo, la sivyo kichwa cha pampu hakitaingia. Kisha njano, kutoka ndani kwenda nje: kila moja ipite juu ya kijani mbili, ya tatu ipite chini yake. Hapo chini ndipo rangi inapochubuka wakati wa kuingiza, kwa hiyo ipinde taratibu kwa mkono, usiibane kwa koleo.

Kaza nipo zote mpaka nyuzi zipotee, halafu nusu mzunguko kila moja kuanzia kwenye valvu na kurudi kwenye valvu. Kama huna stendi, tumia foku na vipande viwili vya kadi vilivyofungwa karibu na ringi. Nyoosha kuyumba pembeni hadi kusizidi nusu milimita, angalia kupanda na kushuka, na geuza gurudumu kwenye fremu uone kama ringi imekaa katikati.

Kwa ringi ya alumini ya kuta mbili, upande wa gia lenga kilo 100 hadi 120 za mvuto. Kushoto itakuwa kama asilimia 60 ya hapo, kwa hiyo sauti yake lazima iwe ya chini. Usijaribu kuzilinganisha kulia na kushoto, linganisha za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe. Programu ya simu ya kusawazishia sauti za nyuzi za gitaa inasaidia. Kipimo cha ukazaji chenye springi hutegemea unene wa spoku. Kwenye rangi nene kinasoma zaidi ya ukweli.

Kila ukikaza, pitiliza robo mzunguko halafu rudisha hiyo robo, ili spoku isibaki imesokotwa. Weka nukta ya kalamu ubavuni mwa spoku chache. Nukta ikihama, spoku inazunguka na nipo. Kisha shika spoku mbili mbili zinazolala sambamba, zibane kwa nguvu za viganja, gurudumu zima. Utasikia milio midogo, ni shingo zinakaa sawa kwenye habu. Nyoosha tena. Baada ya kilomita 50 hivi za barabarani, irudishe kwenye stendi mara moja.

Kuosha: maji baridi na kitambaa. Presha ya kuoshea magari inasukuma maji kwenye gololi za habu, na dawa ya madoa yenye klorini inatoboa hata stenlesi.

La mwisho ni spea. Nunua mbili za ziada kwa kila rangi na kila urefu, hapa zinakuwa nane, siku hiyo hiyo na kutoka boksi moja, kwa sababu kijani cha mzigo unaofuata huwa si kijani kile. Zizungushie utepe, zitumbukize ndani ya bomba la siti, na juu ya utepe andika urefu wake: 256 na 258 kwa macho hazitofautiani kabisa.