Chombo cha kutunzia kimea: kabla hujalipa, angalia bawaba

Kimea changu, yaani nafaka ya kupikia bia iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, kilikaa miezi miwili kwenye boksi jipya kabisa, lina magurudumu, lina mpira kwenye mfuniko, lina klipu kubwa ya mbele ambayo ukiifunga inalia ta! mpaka roho inatulia. Usiku wa kuamkia siku ya kupika bia nikafungua. Unga unga umejaa chini, punje zina matundu na fukusi wanapanda ukutani mwa boksi taratibu kabisa. Nikatafuna punje moja, haikuvunjika, ikabonyea tu. Kimea kizima kina unyevu wa asilimia 4 au 5 hivi na ukikitafuna lazima kilie, kikishaanza kubonyea ujue kimevuta unyevu wa nje siku nyingi. Kilo 12 zote nikamwaga, na iliniuma sana.

Rangi, magurudumu, sijui kikombe cha kupimia cha bure, hayo siyajadili. Mimi nataka kuongea bawaba tu, maana sijawahi kuona mtu anaitaja. Mfuniko wa bawaba unabanwa na klipu upande wa mbele peke yake, kule nyuma unashikiliwa na kiplastiki chembamba ambacho kila ukifungua kinazidi kulegea, kwa hiyo mpira upo, unauona kwa macho, ila haujagandamizwa. Jaribu hivi: kata kipande cha karatasi, kibane kwenye mfuniko halafu kivute, zunguka pande zote nne. Kwangu mbele karatasi ilichanika, nyuma kwenye bawaba ikateleza ikatoka nzima. Hapo ndipo hewa, unyevu na wadudu wanapopita, na kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa HALIPITISHI HEWA.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni mfuniko wa kuzungusha, na hapa sifichi, mimi ni mtu wa Gamma Seal. Ni pete unayoigonga kwenye mdomo wa ndoo halafu mfuniko wenyewe unauzungushia ndani ya ile pete, mpira unabanwa sawasawa duara zima na unafungua kwa mkono bila kuhangaika na bisibisi. Kampuni hiyohiyo ina vyombo vya Vittles Vault, wanaviuza kwa ajili ya chakula cha mbwa, usione haya, kimea hakijui, na vinapangika kimoja juu ya kingine. Angalia tu kipenyo cha ndoo yako kabla hujanunua pete, maana si kila ndoo inakubali.

Namba mbili, ndoo ya chakula yenye mfuniko wa kugonga wenye mpira. Inabana vizuri kweli, shida kuifungua ni vita, ndo maana watu wanaishia kuuegesha mfuniko juu juu, na hapo ni sawa na kuacha wazi. Inafaa kwa kimea ambacho hutakigusa mpaka siku yenyewe. Namba tatu, boksi la bawaba, umeshanielewa. Mifuko ya zipu na gunia lililofungwa kamba, ni za wiki moja mbili basi.

Chombo chochote utakachochukua, kimea kipitishe friza siku 4 kwanza kikiwa kwenye mfuko uliofungwa, mayai ya fukusi yafe, na usifungue mfuko mpaka kirudi joto la kawaida la sivyo kitatoa jasho. Halafu usikisage mapema, kikiwa kizima kinakaa miezi, kikishasagwa hesabu wiki.

Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, usiziweke kwenye ndoo hata iwe nzuri vipi, plastiki inapitisha oksijeni polepole na hopsi zikichoka zinanuka jibini. Hizo ni mfuko wa foili, vuta hewa kwa mashine, tupa friza. Hamira kavu friji inatosha, ya maji usithubutu kuigandisha, inakufa.

Sasa wauzaji. Mnatuandikia chombo cha "kilo 25", kilo 25 za nini? Kimea ni chepesi, ndoo ya lita 20 inachukua kama kilo 11 tu, gunia la kilo 25 linataka karibu lita 45. Nyie mmepima kwa mchele au sijui kwa nini, mtu ananunua chombo kimoja anafika nyumbani nusu ya gunia imebaki nje, inabidi arudi anunue cha pili. Andikeni lita. Na mnaouza hopsi kwenye vifuko vinavyoonyesha, vimening'inizwa dirishani juani, mimi nikinunua nikaenda kuzitunza friza nakuwa natunza kitu ambacho mlishakiharibu dukani, na hela mnachukua ileile ya hopsi mpya.