Ruta na Antena ya Karavani: Uliza Kwanza Urefu wa Waya

Antena niliyoinunua mwaka jana ilifika katika boksi zuri, ikiwa na umbo la bakuli lililofunikwa, nyaya tano zikining'inia chini yake na maneno "upotevu mdogo" yamechapwa kwa herufi kubwa. Nilitoboa paa la karavani, yaani gari la kuishi ndani yake, nikaziba kwa silikoni, nikazipitisha nyaya kwenye dari hadi kabati la nyuma ilikokuwa ruta, na kwa kuwa mita 5 hazikutosha kufika, muuzaji akaniuzia nyaya za kuongezea za mita 3 kila mmoja. Jioni ile nilifungua ukurasa wa ruta na kusoma kipimo cha RSRP, ambacho huonyesha nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia modemu, ile sehemu ya ruta inayowasiliana na mtandao wa simu. Kwa vijiti vidogo vya antena vilivyokuja na ruta, nikiwa ndani ya gari, nilikuwa nikipata −98. Kwa antena ya paani nilipata −103. Katika kipimo hicho namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora, kwa hiyo nilikuwa nimetoboa paa langu ili nipate mtandao hafifu zaidi.

Karavani yangu ina kuta za faiba, ambazo hupitisha mawimbi kwa urahisi, na ndiyo sababu niliweza kuugundua udanganyifu huu. Mwenye gari la kuta za alumini angepata nafuu kidogo kwa kutoa antena nje tu, angefurahi, na asingejua kamwe ni kiasi gani kilipotelea njiani.

Sitazungumzia kasi iliyoandikwa kwenye boksi, idadi ya matundu ya ethaneti wala uwezo wa Wi-Fi, kwa sababu karavani ina urefu wa hatua chache na Wi-Fi ya ruta yoyote ya siku hizi huijaza yote. Nitazungumzia waya unaotoka kwenye antena hadi kwenye ruta, kitu ambacho wauzaji hukitaja mwisho au hawakitaji kabisa.

Waya huo hula mawimbi kwa kila mita, na hula zaidi kadiri unavyokuwa mwembamba na kadiri masafa ya mawimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yanavyopanda. Katika masafa ya takriban megahezi 2500, waya mwembamba wa aina ya RG-174, usiofika unene wa milimita 3, hupoteza karibu desibeli 2 kwa mita. Mita 5 za waya huo ni desibeli 10, na desibeli 10 maana yake umebakiwa na sehemu moja tu ya kumi ya kile antena ilichokinasa. LMR-195, wenye unene wa milimita 5 hivi, hupoteza takriban desibeli 0.6 kwa mita, yaani nusu nzima ya mawimbi kwa mita 5. LMR-240 hupoteza kama desibeli 0.4. LMR-400 hupoteza kama 0.2 tu, lakini una unene wa milimita 10 na haupindi kwa hiari. Yeyote aliyewahi kujaribu kupitisha nyaya nne za namna hiyo nyuma ya kabati la jikoni hatarudia. Katika megahezi 800 hasara hizi hupungua hadi karibu nusu, jambo lililonieleza kwa nini antena yangu ilijitahidi kidogo mashambani, ambako minara mingi hutegemea masafa ya chini yanayofika mbali, na kwa nini ilianguka kabisa karibu na miji, ambako mtandao wa kasi huja kwa masafa ya juu.

Wapo watakaokuambia kwamba ruta itakikuza kile kilichobaki. Ni kweli itakikuza, lakini itakikuza pamoja na kelele ya vifaa vyake yenyewe, na modemu hufanya kazi kwa uwiano kati ya mawimbi na kelele, ule unaosomeka kama SINR. Kilichopotea kabla ya kufika kwenye kikuza-mawimbi cha kwanza hakirudishwi na kifaa chochote kinachofuata. Halafu kuna safari ya kurudi, ambayo watu huisahau: ruta za kawaida, sawa na simu, hutuma kwenda kwenye mtandao wa 4G kwa nguvu isiyozidi takriban miliwati 200, na waya unaokula nusu huuachia mnara miliwati 100. Ndiyo maana mazungumzo ya video hukatika upande wa kutuma huku video za kutazama zikiendelea bila shida, na mtu huilaumu kampuni ya simu bure.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni ruta inayokaa juu ya paa yenyewe, ndani ya kasha moja na antena zake, ikishuka kwa waya mmoja wa ethaneti unaobeba data na umeme pamoja. Ethaneti ni ya kidijitali. Inaweza kwenda hadi mita 100 bila kupunguza hata chembe ya kile modemu ilichokisikia, na waya wa antena umebaki wa sentimita chache ndani ya kasha. Hapa sifichi upendeleo wangu: ninaipenda kampuni ya Peplink, na kifaa chake cha HD1 Dome ndicho nilichokiweka juu ya lile tundu la aibu. Kadi za laini hazinilazimu kupanda ngazi, kwa sababu kampuni hiyo hutengeneza pia kifaa kiitwacho SIM Injector, chenye nafasi 8 za kadi, ambacho hukaa chini ndani ya gari na kuwasiliana na ruta kwa ethaneti ileile. Kazi zangu hufanyika kwa simu za video, na teknolojia yao ya SpeedFusion, inayohamisha mazungumzo kutoka njia moja ya mtandao hadi nyingine bila kukatika, imenitosheleza kiasi kwamba nimeacha kutafuta mbadala.

Upendeleo haunizuii kueleza kasoro. Modemu iliyofungwa paani huoka juani mchana kutwa, kwa hiyo paa jeupe na upepo unaopita chini ya kasha si mapambo. Teknolojia ikibadilika, hubadilishi ruta peke yake bali kasha zima. Tena kuna suala la malipo ya usajili, ambayo baadhi ya uwezo wa vifaa vya Peplink hutegemea. Mtu aliyekwisha kulipa bei kubwa ya kifaa anastahili kuelezwa mapema, tena dukani na si baada ya kukifungua, ni nini kitaendelea kufanya kazi siku usajili utakapokwisha. Nimewauliza wauzaji watatu swali hilo na nimepata majibu matatu tofauti, mojawapo likiwa ni kimya.

Wasiotaka usajili waitazame Teltonika ya Lithuania, yenye OTD140, ruta ya 4G ya kufungwa nje inayopata umeme kwa ethaneti na kubeba laini mbili, ingawa ndani ya gari itakubidi uwe na kifaa kingine cha kutoa Wi-Fi. MikroTik ya Latvia nayo ina LtAP, iliyobuniwa kwa ajili ya magari na yenye nafasi 3 za kadi, lakini mipangilio yake inahitaji subira ambayo mimi sikujaliwa.

Chaguo la pili ni ruta ya ndani yenye antena ya paani iliyo juu yake moja kwa moja, kwa sharti kwamba waya hauzidi mita 2. Hili ndilo linalowafaa watu wengi, na ndilo linaloharibiwa na wengi, kwa kuwa huchagua mahali pa ruta kwa kufuata soketi ya umeme. Fanya kinyume: chagua kwanza mahali pa antena juu ya paa, mbali na kiyoyozi na paneli za sola, kisha weka ruta kwenye kabati lililo chini ya hapo, na umeme ndio uifuate. Kuvuta nyaya mbili za volti 12 zenye fyuzi ni kazi ya saa moja na haipotezi mtandao. Teltonika RUTX50 hupokea volti 9 hadi 50 na hufungwa kwenye betri za gari bila inveta. Peplink MAX BR1 Pro 5G ndiyo ningeichukua mimi. Zote mbili zina vichwa vinne vya antena za simu, na vyote vinne vinahitaji waya, kwa sababu ruta ya njia nne iliyopewa antena mbili inanyimwa sehemu ya uwezo uliolipia. Kwa antena za namna hii, Poynting ya Afrika Kusini huchapisha namba zake kwa uwazi kuliko wengi. Nyaya zikibaki ndefu usizizungushe na kuzifunga kabatini ukadhani umemaliza kazi, kwani mita iliyokunjwa hula sawasawa na mita iliyonyooka. Mtafute fundi mwenye koleo la kubania vichwa vya nyaya, azikate na kuvifunga upya. Angalia pia kwamba vichwa vya antena za simu huwa ni SMA na vya Wi-Fi mara nyingi ni RP-SMA: vinafanana kwa jicho, huweza kujifunga, lakini katikati haviungani ipasavyo.

Chaguo la tatu ni antena ya kuelekezwa kwenye mnara mmoja, inayopandishwa kwenye mlingoti baada ya kuegesha. Kwa anayekaa mahali pamoja wiki kadhaa, mbali na mnara, inaweza kuishinda ile ya bakuli kwa mbali. Waya wake, hata hivyo, huwa mrefu kwa lazima, kwa hiyo ninazikubali zile tu zenye modemu ndani yake, kama SXT LTE na LHG LTE za MikroTik, ambazo nazo hushuka kwa ethaneti. Utalazimika kuielekeza upya kila unapohama, jambo linalochosha mvua inaponyesha.

Vikuza-mawimbi vya gari, kama vile vya weBoost, naviweka nyuma. Nchini Marekani sheria huviwekea kikomo cha desibeli 50 vinapotumika ndani ya chombo kinachotembea, na katika nchi nyingi kuvitumia bila idhini ni kosa. Vinasaidia simu isiyo na tundu la antena. Kwa ruta, kikuza cha kawaida hupitisha njia moja tu, hivyo faida ya antena nyingi hupotea, na unaweza kuona vipimo vya nguvu vikipanda huku kasi ikishuka.

Kuhusu vifaa vya bei nafuu sina mengi. GL.iNet Spitz AX iliyowekwa dirishani na vijiti vyake ni bora kuliko ruta ghali iliyofungwa waya mbaya. Antena za sumaku zinazotangazwa kuwa na desibeli 35 katika umbo la kalamu ni uongo usiostahili aya nzima.

Kabla hujatoboa chochote, fanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya mimi. Washa ruta na vijiti vyake ndani ya gari, andika RSRP na SINR, kisha ipandishe hivyohivyo paani kwa dakika kumi na uandike tena, ukihakikisha kwamba imebaki kwenye mnara na masafa yaleyale. Tofauti ya namba hizo ndiyo faida ya paa. Piga hesabu ya hasara ya waya ulioahidiwa, uitoe humo, uongeze na uwezo wa antena mpya ukizidi ule wa vijiti. Kwa gari langu paa liliongeza desibeli 4, na nyaya zangu zilikuwa na urefu wa mita 8.

Nilimwandikia muuzaji nikamwomba jina la waya na hasara yake kwa mita katika masafa mawili. Alinijibu siku hiyohiyo kwamba waya ni wa ubora wa juu na kwamba antena iliyokwisha kufungwa kwa silikoni hairudishwi. Nilimwandikia tena kwamba nilichoomba ni namba. Hiyo ni miezi minne iliyopita.