Operesheni ya mtoto wa jicho, macho yote mawili: nilivyokuwa naona na ninavyoona sasa

Mie ni mwalimu mstaafu wa sayansi, nakaa Wete, Pemba, na tangu nistaafu nashughulika na mikarafuu aliyoniachia marehemu baba. Naandika haya kwa sababu kabla ya kufanyiwa nilitafuta sana mtu aliyepitia jambo hili anieleze ataona nini hasa, wiki kwa wiki, sikumpata. Wote walinambia "utaona vizuri" basi.

Tatizo nililijua kwenye jamvi. Tulikuwa tunachambua karafuu, na mie kila nikitia mkono naona rangi moja tu, kama majani ya chai. Makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu, na karafuu zenyewe nikivitofautisha kwa kupapasa. Nilidhani giza la magharibi. Siku moja nikaamka usiku nikamkuta binti yangu ukumbini anaichambua upya kazi yangu yote, kimya kimya, asinivunje moyo. Iliniuma, na asubuhi yake nikakubali kwenda kupimwa.

Lakini nikirudi nyuma, dalili zilikuwepo mapema, na moja ilinidanganya kabisa. Kiasi cha mwaka na nusu kabla, miwani yangu ya kusomea ilikuwa hainifai tena, kwa sababu naona bila yake! Baada ya swala ya alfajiri nafungua msahafu, nukta ya ba na nukta za ta nazipata zote, macho matupu. Nilishukuru nikaona macho yamerudi ujanani. Kumbe kiini cha lenzi ya jicho kinapokuwa kigumu kinaupinda mwanga kupita kawaida, jicho linapata karibu na kupoteza mbali. Baada ya miezi na uoni wa karibu ukaanza kuingia ukungu. Kwa hivyo ukimwona mzee wako wa miaka sitini na kitu ameweka miwani ya kusomea pembeni kwa furaha, mpeleke akapimwe.

Dalili nyengine: mwezi. Ramadhani ile tulitoka kuangalia mwezi mwandamo, wenzangu wanauonesha kwa kidole, mie naona mitatu imepandana. Nikafumba jicho la kulia, la kushoto bado linaona mitatu. Ikiwa vitu viwili viwili vinaondoka ukifumba jicho moja, shida huwa ni macho mawili kutokwenda pamoja. Visipoondoka, shida imo ndani ya jicho lenyewe. Na usiku taa za gari zinazokuja mbele zilikuwa zinafunguka kama pamba, njia yote inapotea. Nikaacha kwenda msikitini kwa isha.

Majirani walinishauri nisubiri "liive". Ushauri huo ulikuwa na maana zamani, lenzi ilipokuwa inatolewa nzima na mgonjwa anapewa miwani mizito kama kitako cha gilasi. Sasa hungoji. Ukichelewa sana lenzi inazidi kuwa ngumu na kazi ya daktari inakuwa kubwa zaidi. Dada yangu naye alileta asali ya kutia. Nampenda sana dada yangu, lakini nilikataa: ukungu umo ndani ya lenzi, nyuma ya mboni, hakuna tone linalofika kuuondoa, na jicho linaweza kupata vidonda.

Kipimo cha ubao wenye herufi kilitoa 6/60 kushoto na 6/24 kulia. Yaani anachokiona mwenye macho mazima akiwa mita 60, jicho langu la kushoto lilitaka nisogee mpaka mita 6. Wakapima presha na sukari, kisha urefu wa jicho na mpindo wa kioo chake cha mbele, ili wajue nguvu ya lenzi bandia ya kuniwekea. Hapa ndipo penye lalamiko langu pekee, nitalirudia chini.

Operesheni yenyewe, tukianza na jicho la kushoto, sina mengi. Matone ya kupanua mboni, sindano ya ganzi kando ya jicho (inauma kidogo, inapita), kitambaa usoni, dakika kama ishirini. Huoni kisu. Niliona mwanga, kisha maji maji yenye rangi, nikisoma kila dua niijuayo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nachora lenzi ya jicho ubaoni kwa chaki, na niliwahi kuwasimulia wanafunzi habari ya daktari Mwingereza Harold Ridley, aliyeona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikuleta madhara, akapata fikra ya lenzi bandia na kumwekea mgonjwa wa kwanza London mwezi wa Novemba 1949. Nimelala pale namkumbuka mtu yule kwa shukurani ya kweli.

Asubuhi ya pili plasta ikatolewa. Msitarajie muujiza wa papo hapo. Niliona mwanga mkali mno na maji maji, kama kuangalia ndani ya kisima. Jicho linakuwa limevimba kidogo, lina mchanga mchanga. Siku ya tatu ndipo nilipotoka uani nikasimama. Kanzu zangu zilikuwa zimeanikwa. Kwa jicho jipya nyeupe, zinang'aa mpaka na ubuluu kidogo. Nikilifumba na kuangalia kwa la zamani, rangi ya chai ya maziwa. Nilifumba na kufumbua mara nyingi sana. Zile kanzu nilizivaa miaka nikiamini ni nyeupe. Lenzi iliyozeeka inageuka manjano na kuuzuia mwanga wa buluu, taratibu mno hata hushtuki. Nilimwomba mwanangu anipeleke bandarini nikaiangalie bahari. Nilikaa pale mpaka adhuhuri.

Wiki sita za katikati, jicho moja limekwisha na jengine bado, ndizo ngumu kuliko zote na hakuna aliyenitayarisha. Macho mawili hayaafikiani. Nilimimina chai nje ya kikombe, na nikikanyaga ngazi ya msikiti nahisi iko chini zaidi ya ilivyo. Miwani ya zamani ilinitia kizunguzungu, ikabidi nitolewe kioo cha kushoto. Kipindi hicho uwe na mtu wa kukushika mkono.

Na ibada, kwa sababu wengi huniuliza. Niliambiwa nisiiname na maji yasiingie jichoni wiki za mwanzo. Niliswali juu ya kiti, na wakati wa udhu niliulinda upande ule. Matone yalikuwa ya aina mbili, mara nne kwa siku, yakipunguzwa mpaka wiki ya nne. Mke wangu alikuwa akinitia yeye, kwa saa, hakukosa hata siku moja. Maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu zaidi, uoni ukishuka baada ya kupanda, au ukaona vimulimuli na kivuli kama pazia, rudi siku ile ile.

Sasa lalamiko. Jicho la kushoto liliwekewa lenzi ya mbali. Nilipofungua msahafu kwa jicho lile, herufi zikawa zimeyeyuka. Nilihuzunika, nikidhani operesheni imeharibika. Haikuharibika: lenzi ya kawaida haina uwezo wa kubadilika kama ya kuzaliwa nayo, inapata umbali mmoja tu. Aliyenipima hakuniuliza naishi kwa kuangalia nini. Kabla ya jicho la kulia niliuliza mwenyewe, na daktari akanieleza kwamba inawezekana kulilenga karibu kidogo, ila mbali litapungua, na wengine hawalizoei. Nilifikiri siku mbili nikakubali. Ulizeni hili kabla ya kipimo cha lenzi, maana baada ya operesheni si rahisi kubadilisha.

Leo ni mwezi wa saba tangu jicho la pili. Kushoto 6/9. Mbali naona kwa la kushoto, msahafu wa herufi kubwa nasoma kwa la kulia bila miwani kukiwa na mwanga. Maandishi ya maboksi ya dawa bado yanataka miwani. Taa za gari usiku zina duara jembamba, si pamba tena, na isha naenda mwenyewe. Karafuu za msimu huu nimechambua mie, na pakacha langu halikurudiwa na mtu.

Kuna mzee mwenzangu aliyekwisha kufanyiwa, anasema ukungu wake "umerudi". Hauwezi kurudi, lenzi ile haipo tena; utando uliobaki nyuma ya lenzi bandia ndio unaoingia ukungu kwa baadhi ya watu, baada ya miezi au miaka, na husafishwa kwa mwale wa leza bila kukatwa. Nimemwambia twende pamoja Jumatatu.