Uzoefu wangu: Rotunda na Lawn, Chuo Kikuu cha Virginia. Nenda kwa ajili ya matofali

Nyota nne kati ya tano, na sehemu kubwa ya hizo nazipa matofali. Mimi ni fundi uashi, natafutia riziki Maryland, na nikifika mahali macho yanakwenda ukutani kabla ya kwingine kokote. Kama na wewe umeumbwa hivyo, nauli ya Charlottesville, mji wa Marekani kilipo chuo hiki, haitakuuma. Treni ya Amtrak ipo kutoka Washington, na kutoka stesheni unafika chuoni kwa miguu. Kuingia Rotunda ni bure.

Wageni wengi huishia hapohapo Rotunda, jengo la kuba ambalo Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani na mwanzilishi wa chuo hiki, alilichora kwa kufuata Pantheon, hekalu la kale la Roma, kwa nusu ya vipimo vyake. Ni zuri, sibishi. Ila ujue unachokitazama. Jefferson alifariki Julai 4, 1826, jengo halijakamilika. Kuba lake lilikuwa la mbao. Oktoba 27, 1895 moto ulianzia kwenye jengo la nyongeza lililobandikwa nyuma miaka ya 1850, na profesa mmoja, William Echols, akajaribu kukata njia ya moto kwa kulipua kiungo cha majengo hayo mawili kwa baruti. Wapi! Moto ulivuka. Wanafunzi waliokoa vitabu walivyoweza, na sanamu ya marumaru ya Jefferson mwenyewe wakaikokota hadi nje. Bado ipo humo, isimamie karibu uione.

Msanifu Stanford White ndiye aliyelijenga upya, akaweka kuba la vigae lisiloshika moto na kuondoa sakafu nzima ili maktaba iwe chumba kimoja kirefu. Miaka ya 1970 kazi yake ya ndani ikabomolewa, mpango wa Jefferson ukarudishwa, na milango ikafunguliwa tena 1976. Kwa hiyo kuta ni za zamani, tumbo ni la juzi. Chumba cha juu kina nguzo zilizosimama mbilimbili na mwanga unashuka kutoka kwenye jicho la kuba. Kaa kidogo, kisha toka.

Uzee wenyewe uko nje. Mbele ya Rotunda kuna uwanja wa majani unaoshuka kwa ngazi pana, ndiyo Lawn, na kila upande zimepangwa nyumba tano za maprofesa. Katikati yake kuna vyumba vya wanafunzi, 54 kwa jumla, vyote vikiunganishwa na baraza ndefu ya nguzo. Profesa alilala juu na kufundisha chini. Nyumba hazifanani hata mbili, kwa sababu Jefferson alitaka kila uso uwe somo la ujenzi. Halafu kuna ujanja: kadiri unavyokwenda mbali na Rotunda, nafasi kati ya nyumba inaongezeka, jicho lisione safu inajibana.

Sogea ukutani. Uso wa mbele umejengwa tofali moja kwa ubavu na linalofuata kwa kichwa, safu baada ya safu, mistari imetulia. Nguzo zinazoonekana kama jiwe kwa mbali ni matofali yaliyopigwa lipu. Vichwa vya baadhi ya nguzo ni marumaru ya Carrara: waliletwa wachongaji kutoka Italia, jiwe la hapa likawashinda kuchongeka, ikabidi kazi ichongewe hukohuko Italia na kuletwa kwa meli.

Na matofali? Watumwa walichimba udongo, wakachoma, wakabeba na kujenga. Hili usiliache kwa haraka. Mashariki ya Rotunda kuna kumbukumbu yao iliyofunguliwa 2020, duara la mawe ya granaiti lenye upana unaokaribiana na wa Rotunda. Chuo kinakadiria watu 4,000 hivi waliishi na kufanya kazi hapa utumwani. Majina yaliyopatikana yamechongwa; mengine ni cheo cha undugu au kazi tu, na waliobaki kila mmoja ana mkato wake kwenye jiwe. Upande wa nje yamechorwa macho ya Isabella Gibbons, aliyekuwa mtumwa hapa na baadaye akawa mwalimu. Macho hayaonekani kutoka kila pembe, zunguka taratibu. Mimi nilikaa hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya Old Cabell Hall, jengo la White la 1898 lililoziba mwisho wa kusini wa Lawn. Jefferson aliuacha wazi. Ni kazi nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake, na sijui nani alimruhusu.

Nyuma ya nyumba kuna bustani zenye kuta za kujipinda, unene wa tofali moja tu. Ukuta mwembamba hivyo ukinyooka unaanguka. Mapindo ndiyo yanayoushikilia. Bustani za sasa zilirudishwa katikati ya karne iliyopita, na za mwanzo kuta zilikwenda juu zaidi, zikificha kazi za watumwa zisionekane.

Mambo ya haraka: vyumba vya Lawn vinakaliwa na wanafunzi, kuni zimepangwa mlangoni, usichungulie dirishani. Chumba namba 13 cha West Range, safu ya vyumba vya wanafunzi nyuma ya bustani za magharibi, ni cha mwandishi Edgar Allan Poe alipokuwa mwanafunzi hapa, unakiona kupitia kioo, dakika mbili zinatosha. Viatu vya kutembelea ni lazima, na nenda asubuhi jua likiwa linapiga safu ya magharibi, matofali yanaonekana vizuri.