Jeli ya kucha nikiwa kwenye arobaini ya uzazi: ilikaa siku 23, balaa ikawa kuitoa

Haya mashoga zangu, nilisema siku mtoto akilala mchana nitaandika hii kitu, saa hii amelala, nna kama nusu saa, mkiona makosa mnisamehe.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa hina. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nimekulia Mji wa Kale, kucha zangu tangu utotoni ni hina, ikizidi sana piko siku ya harusi. Si kwamba rangi sipendi, napenda wallahi, lakini nasali, na rangi inafanya ganda maji ya udhu hayafiki kwenye ukucha, sasa utaweka kitu cha wiki tatu usali vipi? Hina inaingia ndani haifanyi ganda. Kwa hivyo jeli, ile rangi ya kucha inayogandishwa na taa, nilikua naweka nikiwa kwenye siku zangu tu, na hebu piga hesabu, unalipa shilingi 1,500 upate siku 6 au 7 halafu uende ukatolewe. Ujinga mtupu lakini nimeufanya, mara mbili.

Mara ya kwanza ilikua saluni moja kule Nyali, kiyoyozi, viti vya kuzama, chai unaletewa. Binti mwenyewe simu iko sikioni mwanzo mpaka mwisho, akapaka rangi nzito mpaka ikapanda kwenye nyama, kutia mkono kwenye taa niliruka, moto! Ati "vumilia dada, ni kawaida". Siku ya 5 nachagua mchele, jeli ya kidole gumba ikatoka nzima nzima, nikaikuta kwenye sinia kama chuya.

Mara ya pili mjini. Kuweka, alhamdulillahi, sina neno. Kutoa sasa! Yule dada hakuloweka chochote, alichukua kile kijichuma akakiingiza chini ya jeli akang'oa, traa, traa, kidole kwa kidole, na ukucha wangu ukatoka na tabaka yake. Nikabaki na kucha kama ganda la kitunguu, maji ya moto yakiguza nasikia mpaka kwenye jino. Na ukucha wa mkono unaota kama milimita 3 kwa mwezi, yani ule ulioharibiwa usogee mpaka mbele ukatwe ni kama nusu mwaka. Nikasema mimi na jeli basi.

Halafu nikapata mtoto. Nimekaa ndani nakandwa na mafuta, nanyweshwa uji wa pilipili manga, sina kazi yoyote, shoga yangu mmoja akaja kunitazama akaniambia wee, si huu ndo wakati? Husali mpaka utoharike, inaweza kufika siku 40, utapata wapi tena likizo kama hii ya kuweka jeli ikae mpaka ichoke yenyewe? Nikacheka mpaka mshono ukaniuma. Lakini usiku ule sikulala, nafikiria rangi.

Mwenye arobaini hatoki, kwa hivyo nikatafuta wa kuja nyumbani. Nikapata binti wa Kongowea, 1,200 pamoja na nauli ya tuktuk, akaja siku ya 9 tangu nijifungue, na kisanduku kama cha fundi wa saa. Nyanyangu amekaa pale mlangoni akamtazama kuanzia juu mpaka chini, "mwanangu, mzazi hupakwa hina, hii si rangi ya gari?" Binti wala hakukasirika, akamwamkia shikamoo vizuri akaanza kazi.

Na hapa ndo nataka niseme, kwa sababu kila mtu huuliza jeli ya aina gani, chupa gani, kumbe kazi yote iko kabla chupa haijafunguliwa. Kitu cha kwanza aliniambia, "mzazi, nenda ukaoshe mikono na sabuni, mara mbili, una mafuta mpaka kwenye viwiko". Na kweli, mimi nilikua nanukia simsim mwili mzima, na jeli haishiki kwenye mafuta. Akasukuma ile ngozi ya mzizi wa kucha, akakwangua taratibu kile kingozi chembamba kilichoganda juu ya ukucha wenyewe, kile ambacho hukioni mpaka uoneshwe, akaniambia jeli ikikaa juu ya kile baadaye inanyanyuka na ngozi, si na ukucha. Akapitisha bafa, kile kifaili laini, kidogo tu kuondoa mng'ao, sio kule kusugua kama sufuria, akafuta na spiriti. Dakika 40 zilipita hajapaka rangi! Yule wa Nyali saa hizo angeshanipokea M-Pesa.

Besi nyembamba, yani tabaka ya chini, taa. Rangi nyembamba, taa, rangi tena, taa, halafu ile ya juu ya kung'arisha. Kila tabaka sekunde 60 kwenye taa yake ya LED. Kila tabaka anaivuta mpaka ncha ya ukucha, ule ukingo wa mbele nao anaupaka, ndo unaziba maji yasipenye kwa mbele. Na vidole gumba alivitia kwenye taa peke yake, kwa sababu ukiweka mkono mzima gumba linalala ubavu, mwanga haulipigi sawa, juu inakauka chini mbichi. Nikakumbuka gumba langu kwenye sinia la mchele, nikanyamaza.

Moto sikuusikia. Nikamuuliza, akasema jeli ikiwa inaganda inatoa joto lake yenyewe, ikipakwa nzito joto linakua jingi, ikipakwa nyembamba hata husikii, na ukisikia unachomeka toa mkono, usivumilie. Pia akanivalisha glavu zilizokatwa vidole sababu taa ile ya LED inatoa mwanga wa UV kama wa jua, hata madaktari wa ngozi huwa wanashauri glavu kama hizo au upake sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua, kabla.

Mimi pia nilikua na maswali yangu, nanyonyesha. Nilikua nimesoma kwamba Umoja wa Ulaya walipiga marufuku TPO kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, ndo ile dawa iliyoko kwenye jeli nyingi inayofanya igande ikipigwa na taa, waliiweka kwenye kundi la kemikali zinazoshukiwa vikali kudhuru uzazi. Nikamwambia nioneshe chupa. Alinionesha bila kununa, imeandikwa haina TPO, haina HEMA. Hiyo HEMA ndo ya aleji, jeli mbichi ikiwa inakuguza ngozi kila mara mwili unaweza kuikataa, na ukishaikataa ndo basi, haiishi, hata meno ukienda kuzibwa unaweza kupata shida kwa sababu dawa za kuzibia zina jamaa zake humo. Ndo maana kupaka mpaka kwenye nyama sio uchafu wa macho tu.

Katikati ya mkono wa kushoto stima ikapotea. Unajua tena Mombasa. Jeli haikauki kwa upepo, unaweza kukaa nayo mpaka Isha ni uji tu, nikajua tumeisha, kumbe taa yake ina betri. Tukaendelea gizani, uso wa binti umekua wa zambarau, nyanyangu anasoma Ayatul Kursiy.

Rangi nilichukua damu ya mzee. Mashallah. Hata nyanya alikuja akaushika mkono wangu akaugeuza geuza asiseme kitu.

Sasa kukaa. Mtoto anaoshwa, nepi zinafuliwa (nyingi alifua mamangu, nisidanganye), vyombo vya mtoto vinachemshwa, mafuta kila siku, jasho la hapa kwetu mnalijua. Wiki ya kwanza kama nimetoka kuweka leo. Siku ya 14 pengo la mzizi lilishaanza kuonekana, hilo ni ukucha unaota, hakuna fundi anayelizuia. Siku ya 18 ikavunjika ncha ya kidole cha shahada, kosa langu, nilikitumia kufungulia kopo la maziwa. Vingine tisa, hakuna hata kimoja kilichonyanyuka. Siku 23.

Na ingekaa zaidi, ndo balaa lenyewe. Siku ya 32 tangu nijifungue, asubuhi jua limeshatoka, nikajiona nimetoharika. Nimefurahi nusu sekunde nikatazama mikono. Lazima nioge josho na maji yafike kila mahali, na Adhuhuri inakuja. Nampigia binti, yuko Malindi harusini, anarudi kesho kutwa. Saluni siwezi kutoka, na nikikumbuka kile kijichuma mwili unanisisimka.

Nikamtuma ndugu yangu akanunue asetoni. Akaniletea ile ya kutolea Cutex za kawaida, chupa yenyewe imeandikwa haina asetoni, nilisugua mpaka pamba ikaisha, jeli inanitazama tu. Akarudi tena dukani ananung'unika, safari hii nikamwandikia. Nikakwangua mng'ao wa juu na faili ya kucha kwanza, maana ile tabaka ya juu ndo inazuia dawa isiingie, nikapaka vaselini pembeni ya ngozi, pamba yenye asetoni kila ukucha, nikafunga na foili ya jikoni ile ya kuchomea samaki. Dakika 15. Dakika ya 7 mtoto akalia, mimi nna vidole kumi vya bati, siwezi kumshika wala kujikuna pua. Mamangu akaja mbio kumchukua, na mkono wa pili amebeba chetezo, makaa yanawaka, udi unafuka, anataka kunifukiza kabla sijaenda kuoga! Asetoni inashika moto kama petroli jamani. Nilipiga kelele "toa chetezo! toa chetezo!" mpaka jirani wa juu akachungulia.

Foili zilipotoka jeli ilikua imevimba imekunjamana kama ngozi ya maziwa, nikaisukuma na kijiti cha mti ikateleza. Viwili vilikataa nikavirudishia dakika 10. Yote pamoja saa moja na dakika 20 hivi, nikaoga, Adhuhuri nikaiwahi. Kucha zilikua kavu nyeupe nyeupe, nikazipaka mafuta siku tatu nne zikarudi, na unene wake uko pale pale, hakuna ganda la kitunguu.

Nampa yule binti 8 kwa 10. Mbili nimemkata kwa sababu alijua naweka arobaini, alijua siku yoyote naweza kutoharika, angeniachia vifaa vya kutolea au angalau aniambie ninunue asetoni gani. Nimemwambia, akakubali, akasema wazazi wengine sasa atawaachia. Miezi ya kawaida narudi kwenye hina yangu, 1,200 kwa siku saba siwezi tena, nepi zenyewe mmeziona bei?

Chupa ya asetoni imebaki nusu, nimeificha juu ya kabati, mbali na mamangu na chetezo chake. Huyo ameamka.