Ununue santuri ipi kwanza? Sintesaiza za moduli, kutoka vibwagizo vya redio hadi albamu nzima

Watu walioanza juzi kukusanya santuri huniuliza swali hili mara kwa mara: nikitaka kuzisikia sintesaiza za mwanzo (mashine zinazotengeneza sauti kwa umeme), zile za moduli, yaani za vipande vinavyounganishwa, makabati yaliyojaa swichi na nyaya za kuchomeka kama ubao wa simu wa posta ya zamani, nianze na ipi? Huwa najibu kwamba anza na ile itakayokufundisha kuisikia mashine yenyewe. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, na cha pili ni kama fedha yako italingana na unachopata.

Tuelewane kwanza kuhusu mashine. Katikati ya miaka ya 1960 mafundi wawili wa Marekani walifika pahali pamoja kwa njia mbili. Robert Moog, akiwa Trumansburg katika jimbo la New York, aliunganisha moduli zake na kinanda cha kawaida. Don Buchla, huko California, hakutaka vibonye vya piano. Aliweka mabamba ya kugusa kwa kidole na sikwensa ya kurudia mfululizo wa sauti. Watengenezaji wa matangazo waliingia mapema. Eric Siday, mtunzi wa vibwagizo vya redio na televisheni mjini New York, alikuwa mmoja wa wateja wa mwanzo wa Moog. Kibwagizo kina sekunde tatu au nne tu za kumfanya msikilizaji ajue yuko kituo gani, na sauti ambayo hajawahi kuisikia popote humshika haraka kuliko tarumbeta.

Namba moja kwangu ni Switched-On Bach ya Wendy Carlos, kazi za Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, zilizopigwa kwa Moog; ilitolewa na kampuni ya santuri ya Columbia mwaka 1968. Sababu ya kwanza ni ya mnunuzi: huduma kubwa za kusikiliza muziki mtandaoni hazina albamu hii, kwa hiyo ukiitaka, uinunue. Ya pili, iliuzwa kwa wingi sana, ikafika platinamu (tuzo ya mauzo ya nakala milioni moja), na nakala za mtumba bado zipo tele kwa bei ya kawaida. Asikutishe mtu kwa neno «adimu». Adimu ni jalada la mwanzo peke yake, lenye Bach aliyeketi. Lilibadilishwa mapema likawekwa Bach aliyesimama. Muziki ni uleule. Nakala za zamani hazina jina la Wendy, basi tafuta kwa namba: MS 7194.

Ukishaipata, nenda kwenye Konseti ya tatu ya Brandenburg. Moog ya wakati ule ilitoa noti moja tu kwa wakati, kwa hiyo kila sauti unayoisikia ilirekodiwa peke yake, ikapangwa juu ya nyingine kwenye tepu ya njia nane. Sikiliza besi: kila noti ina mwanzo mkali na mkia mfupi, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Halafu fika sehemu ya pili ya konseti hiyo. Hapo Bach aliandika kodi mbili tu, yaani noti kadhaa za kupigwa kwa pamoja mara mbili, na kumwachia mpigaji nafasi. Carlos aliijaza nafasi hiyo kwa sauti za mashine zinazoinuka, kupasuka na kutawanyika, na kwa dakika chache unaisikia Moog bila Bach. Kwa dakika hizo peke yake ningeinunua tena.

Namba mbili ni Lixiviation ya Suzanne Ciani, mkusanyiko uliotolewa na Finders Keepers mwaka 2011. Anayetaka vibwagizo, aje hapa. Ciani alijifunza mashine ya Buchla huko California, akahamia New York na kufungua kampuni yake ya sauti za matangazo. Ndiye aliyetengeneza ule mlio wa Coca-Cola: kizibo kinafunguka, soda inamiminika, mapovu yanapanda. Hakuna chupa pale. Ni Buchla mwanzo mwisho. Upo kwenye santuri hii pamoja na kazi alizoifanyia Atari, kampuni ya michezo ya video, katikati ya vipande virefu vya muziki wake mwenyewe. Urudie mlio ule mara tano, huku ukifuatilia mapovu tu. Utasikia kwamba kila povu lina noti yake, na noti zinapanda kadiri glasi inavyojaa. Baada ya hapo, tangazo lolote la zamani utalisikia tofauti.

Namba tatu, Silver Apples of the Moon ya Morton Subotnick, Nonesuch, 1967. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya muziki wa elektroniki kuagizwa na kampuni ya santuri mahususi kwa ajili ya LP (santuri ndefu), na muundo wake unafuata umbo la santuri: sehemu mbili, upande mmoja kila sehemu. Upande wa kwanza ni mgumu, nakiri. Sauti zinakuja na kuondoka kama ndege wa alfajiri wasioonana. Vumilia, geuza santuri. Upande wa pili sikwensa ya Buchla inashika mwendo na mapigo yanaanza kukimbia. Usiifanye hii kuwa ununuzi wako wa kwanza. Nimeona watu wakiisikiliza mara moja na kuirudisha kabatini moja kwa moja. Hii dai nakala safi kabisa, maana ina vipindi vingi vya sauti ndogo na kila mkwaruzo utausikia.

Namba nne ni Phaedra ya Tangerine Dream, kundi la Ujerumani, Virgin, 1974. Ipo kila mahali, hata kwa matoleo mapya, na kwa mtu aliyezoea muziki wa dansi ndiyo rahisi kuliko zote kuingia. Kwenye wimbo wenye jina hilo, Moog inapata joto na noti za besi zinaanza kuhama taratibu kutoka mahali pake. Hawakuzifuta. Mimi huiweka mtu akitaka kujua kwa nini mashine hizi zinaitwa hai.

Namba tano, Mother Earth's Plantasia ya Mort Garson, ya 1976, muziki wa Moog kwa ajili ya mimea. Nakala za awali hazikuuzwa kwa njia ya kawaida. Mteja alipewa aliponunua mmea katika duka moja la Los Angeles, ndiyo maana bei zake zilipaa. Sacred Bones waliirudisha sokoni 2019. Chukua hilo toleo jipya, na fedha itakayobaki inatosha kuongeza santuri nyingine.

Sasa mbili ambazo wauzaji huzitupia neno «moduli» bila haki. Manhattan Research Inc. ya Raymond Scott, iliyokusanywa na Basta mwaka 2000, imejaa matangazo ya redio ya ajabu, lakini mashine ni zake mwenyewe, nyingine zimetangulia sintesaiza ya Moog. Scott alinunua theremin (chombo cha umeme kinachopigwa bila kuguswa) iliyoundwa na Moog, wakati Moog alipokuwa bado kijana, akaitumia kujenga chombo chake alichokiita Clavivox. Na BBC Radiophonic Music ya 1968 ina vibwagizo vya redio za mikoani Uingereza, kikiwamo cha Radio Nottingham cha John Baker, vilivyotengenezwa kwa tepu: sauti inarekodiwa, mkanda unakatwa kwa wembe, unaungwa. Zote mbili ni nzuri mno na ninazo. Zinunue ukijua ni nini.

Za kuacha ni lile kundi la albamu zilizofuata mafanikio ya Carlos, zenye «Moog» au «Switched-On» kwa herufi kubwa. Nyingi ni nyimbo za redio za wakati ule zilizopigwa upya, na mashine imewekwa kushika melodi tu.

Kuhusu hali ya santuri, niliwahi kuagiza nakala kutoka nje iliyoandikwa «hali nzuri sana». Picha zilipendeza. Nilipoiweka, sindano ilipanda na kushuka kama ngalawa. Ilikuwa imepinda kwa joto, na nauli ilikuwa kubwa kuliko bei yake. Tangu hapo siangalii picha ya juu. Naomba video fupi ya santuri ikizunguka, kamera ikiwa usawa wa sahani, na sauti ya dakika ya kwanza ya kila upande. Kwetu pwani hatari haiishi ikishafika: usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika ishirini, isimamishe wima mbali na dirisha, na usipange nyingine juu yake.