Buccolam: dawa nzuri, ila iangalie ncha ya sirinji

Degedege la kifafa likishapita dakika 5, uwezekano wa kukoma lenyewe hupungua. Hapo aliye karibu na mgonjwa anahitaji dawa ya kulikata papo hapo. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa diazepamu ya kutiwa kwa njia ya haja kubwa. Inafanya kazi, lakini nani atamvua nguo kijana wa miaka 15 mbele ya darasa zima? Watu husita, na dakika zinakwenda. Buccolam ni midazolamu, dawa nyingine ya kukata degedege, ya kutiwa ndani ya shavu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2011 kwa watoto na vijana, na imeondoa kikwazo hicho cha aibu.

Ushahidi nao upo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2005 ulionyesha midazolamu ya shavuni ikifaulu kwa asilimia 56 ya matukio, diazepamu kwa asilimia 27. Katika hospitali ya Mulago, Uganda, matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha midazolamu ikishindwa kwa watoto asilimia 30 hivi, na diazepamu kwa asilimia 43, ingawa kwa wenye malaria tofauti hiyo haikuonekana. Hivyo hata iliyo bora hushindwa si mara haba. Anayedhani akiwa nayo hahitaji tena kujua namba ya dharura anajidanganya.

Pakiti ina sirinji 4 zisizo na sindano, kila moja ndani ya mrija wake wa plastiki, dozi imeshapimwa kiwandani. Lebo ya njano ni miligramu 2.5, kwa wa miezi 3 hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja (wa miezi 3 hadi 6 hupewa hospitalini tu). Buluu ni 5, tangu mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5. Zambarau ni 7.5, hadi kabla ya kutimiza 10. Rangi ya chungwa ni 10, hadi kabla ya kutimiza 18. Hili ni bora mno kuliko kupima kutoka kwenye chupa, kwa sababu mkono unaotetemeka haupimi. Tatizo ni kwamba watoto hukua na sirinji hazikui. Akitimiza miaka 5, zile za buluu zilizobaki shuleni, kwa bibi na ndani ya gari hazimtoshi tena. Zikusanywe zote siku moja, daktari aandike upya.

Kasoro inayostahili lawama iko kwenye ncha. Sirinji imefunikwa kwa kifuniko chekundu, na ndani yake kuna kizibo kidogo kinachopitisha mwanga. Ukivuta chekundu, kizibo kinapaswa kutoka nacho. Imewahi kutokea kikabaki kimeng'ang'ania ncha, na kwa kuwa hakina rangi, mwenye haraka hakioni. Ukisukuma dawa kikiwa pale, kinaweza kuchomokea kinywani mwa mtu asiyejitambua, akakimeza au kikampalia. Kwa hiyo vuta kifuniko, tazama ncha, ndipo usogee mdomoni. Kikibaki, kitoe kwa vidole.

Kutia kwenyewe si kugumu. Vuta shavu taratibu, ingiza ncha kati ya fizi ya chini na shavu, sukuma polepole kwa sekunde 4 au 5. Kwa dozi kubwa au mtoto mdogo, nusu weka shavu hili na nusu lile. Meno yaliyokazana si kikwazo kabisa, dawa haipiti katikati yake. Kwa hiyo hakuna haja ya kijiko cha kubanulia kinywa, na kijiko huvunja meno. Wanaokosea ni wale wanaosukuma kwa pupa: dawa humwagika na mate, au hukimbilia kooni na kumpalia. Mate yakiwa mengi, mgeuze ubavu kwanza yatoke.

Andika saa uliyotia. Usingizi mzito baadaye ni wa kawaida; pumzi za taabu au midomo kubadilika rangi ni dharura. Dakika 10 zikipita degedege halijakoma, ita gari la wagonjwa, na sirinji tupu wape wahudumu waone alichopewa. Usiongeze ya pili, hata likirudi, isipokuwa daktari alishaagiza hivyo.

Jihadhari pia na kubadilishiwa dawa dukani. Buccolam ina miligramu 5 katika kila mililita. Epistatus, nayo midazolamu ya shavuni, ina 10. Karatasi ya shuleni inayosema tu "mililita 1" inaweza kumpa mtoto maradufu au nusu ya dozi. Iandikwe jina la dawa na miligramu.

Haiwafai wenye ugonjwa wa misuli wa myasthenia gravis, wanaokatika pumzi usingizini, au wenye ini lililoharibika vibaya. Erithromaisini na klarithromaisini huifanya ikae mwilini muda mrefu zaidi, basi mwambie daktari kabla mtoto hajaanza antibiotiki hizo. Friji hapana. Sirinji ibaki ndani ya mrija wake mpaka siku ya kutumika, na tarehe ya kuisha isomwe kwenye kila moja, kwa sababu iliyotolewa kwenye pakiti ikawekwa kwenye begi ndiyo husahaulika kwanza.